Miche Iliyopandwa na Sashe Zake

Ukienda Ruziba, kusini mwa Bujumbura, kumtafuta Namegabe, usijisumbue kuuliza kwa jina hilo. Uliza Baba Miche yuko wapi, na mtu wa kwanza utakayekutana naye atakunyooshea kidole hadi mlangoni kwake. Jina hilo alilipata kwa haki yake, kwa jasho lake mwenyewe, na kwa miaka mingi alilipenda kuliko jina alilopewa na baba yake. Siku hizi mtu akimwita hivyo barabarani, anaitika kwa sauti ndogo na kuongeza mwendo.

Alizaliwa ng'ambo, milimani nyuma ya Bukavu. Alivuka mpaka akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, yeye na mkewe Olga, godoro moja na sufuria mbili, wakati mambo ya kwao yalipoharibika. Bujumbura alianza pale wanapoanzia wengi wasiokuwa na ndugu ofisini: Bandarini. Kwa miaka kumi na minne alibeba saruji, chumvi na sukari, akishusha na kupakia boti za Kalemie na Kigoma, mpaka asubuhi moja mgongo wake ukagoma katikati ya ubao wa kupandia botini. Gunia likaenda majini, yeye akaenda hospitali. Daktari akamwambia uzito wa kubeba kuanzia siku ile usizidi ndoo ya maji.

Mtu aliyezoea kazi ya nguvu ukimwambia akae, unamuua polepole. Namegabe alikaa miezi miwili akitazama ukuta, halafu akaanza kupanda mbegu za mapapai kwenye makopo matupu ya nyanya, ili mikono tu iwe na shughuli. Zikaota zote. Akajaribu maparachichi, yakaota. Akaokota mbegu za greveria chini ya miti ya parokia, zile nyepesi zinazopeperuka ukikohoa, nazo zikaota. Majirani wakaanza kuja kuomba mche mmoja, wawili. Mwaka wa tatu alikuwa na kitalu kamili nyuma ya nyumba, chenye kivuli cha matete na mistari ya sashe nyeusi, ile mifuko midogo ya plastiki inayojazwa udongo na kuoteshewa mche. Akipita kati ya mistari ile asubuhi, alijiona tajiri, na sidhani kama alikosea.

Ndipo akaja Sébastien, kijana msomi wa mjini, mwenye kofia ya proje, yaani mradi wa mazingira, na simu mbili. Alikuwa anatafuta mtu wa kuotesha miche kwa ajili ya wageni kutoka mji mmoja mdogo wa Ubelgiji. Wageni wenyewe hawakuwa watu wa fedha kubwa. Walikuwa wastaafu, walimu, mwoka mikate mmoja, watu wa kwaya, ambao kila Jumapili baada ya misa waliuza keki na soksi za kufuma ili miti ipandwe mahali ambapo hawajawahi kufika. Waliamini kwamba mti ukipandwa Burundi, hewa ya kwao nayo inapona. Mimi siwacheki. Namegabe naye hakuwacheka. Usiku alimwambia Olga kwamba kuna bibi huko Ulaya anafuma soksi kwa ajili ya greveria zake, na wote wawili wakashindwa kulala kwa furaha.

Mahali palipochaguliwa palikuwa ukingo wa korongo, juu kidogo ya barabara kuu. Kila mvua kubwa korongo lile lilimega kipande na kukipeleka ziwani. Na nyumba iliyokuwa karibu zaidi na ukingo ilikuwa ya Elvire, mjane, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Jordan kwa jina la mwanawe aliyeko Uganda. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, iliyojengwa na mume wake chumba kimoja kila kiangazi, na yule bwana alifariki kabla ya kupaka rangi. Kati ya ukuta wa jiko na korongo palikuwa na migomba kama dazeni mbili, minene, iliyobanana, na mihogo kidogo.

Sébastien alitaka miti isimame kwa mistari iliyonyooka kando ya ukingo wote, na migomba ile ilikuwa njiani. Kumshawishi mwenyewe, akamwachia Namegabe, maana alijua Elvire hamkatalii.

"Mama Jordan, hii migomba itabidi itoke," Namegabe alimwambia. "Miti inaomba nafasi."

Elvire aliitazama migomba yake. "Hii migomba mama-mkwe wangu ndiye alipanda, Baba Miche. Iko inashika udongo."

"Miti itashika kuzidi. Mi ndio niko nakuambia."

"We ndio uko unaniambia?"

"Mi mwenyewe."

"Bon. Kama ni we, wakate."

Ikakatwa Jumatano, na visiki vyake vikang'olewa Alhamisi. Elvire aligawa ndizi mtaa mzima.

Sasa tufike kwenye Jumamosi yenyewe, maana maisha yote ya Namegabe yamekuja kujikunja pale. Ilikuwa Novemba, miaka mitatu iliyopita. Jumamosi asubuhi, kama inavyojulikana, kila mtu anatoka na jembe lake kwa kazi za pamoja, na maduka yanabaki yamefungwa hadi kazi iishe. Siku ile walijitokeza watu kama mia mbili hivi, wengine wakiwa wamevaa nguo safi kwa ajili ya picha. Wageni sita walikuja, wakiongozwa na Madamu Irène, mwalimu mstaafu mwenye nywele nyeupe na viatu vya mvua vya kijani. Kila mche ulifungiwa kibao kidogo cha mbao chenye jina la mtu wa kule aliyeuchangia. Palikuwa na mpiga picha. Palikuwa na hotuba, tena si moja.

Namegabe alikuwa na siri yake tangu Septemba. Gari la udongo mweusi aliloahidiwa halikufika, na siku zilikuwa zinakimbia. Akaenda ufukweni na toroli, akachota mchanga wa ziwa, akauchanganya na udongo kiasi, akajaza sashe zake. Miche iliota vizuri tu. Lakini mchanga haushikani, na hilo alilijua. Alijiambia atamwagilia sana siku ya kuamkia Jumamosi ili udongo ushikane. Siku ile bomba la mtaa halikutoa hata tone.

Basi watu walipoanza kupanda, wakafanya kama walivyofundishwa: chana sashe, toa, weka mche shimoni. Na mchanga ukamwagika. Mizizi ikabaki mitupu hewani, mche ukalala ubavu kama mlevi. Wa kwanza, wa pili, wa kumi. Watu wakaanza kunong'ona. Madamu Irène, masikini, alikuwa ameshika mche uliofungwa jina la mjukuu wake, na mche ule ulikuwa umeinama hadi kwenye kidole gumba chake. Sébastien alimvuta Namegabe pembeni, jasho likimtoka.

"Papa, fanya kitu. Wanatutazama."

Namegabe alitazama mistari ile, akatazama mpiga picha, na hapo hapo akapaza sauti kwa watu wote: "Acheni na sashe! Pandeni na sashe zake! Tutapita kesho kuzitoa!"

Watu wa kazi ya Jumamosi wanataka saa nne na nusu ifike waende makwao. Hakuna aliyebisha. Mistari ikasimama wima, mizuri, ya kupendeza macho. Mtu mmoja tu ndiye aliyemfuata na mche mkononi, naye alikuwa Elvire.

"Baba Miche, hii plastiki haitaziba mizizi?"

"Apana, Mama Jordan. Itaoza yenyewe."

Aliyasema maneno hayo bila hata kugeuka kumtazama. Katika maisha yake yote amesema mambo mengi ya kipumbavu, kama mimi na wewe, lakini hayo mengine amekwisha kuyasahau.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, kukawa na misa. Jumatatu mvua ilinyesha kutwa. Jumanne aliwapeleka wageni Rutana kutazama maporomoko. Walipoondoka, Madamu Irène alimkumbatia na kumpa picha kubwa iliyowekwa kwenye fremu: Baba Miche mbele ya mistari yake, mikono kiunoni, kifua mbele. Aliitundika sebuleni. Wiki ikapita, ukawa mwezi. Miche ilikuwa ya kijani, na kufukua mche mmoja mmoja mbele ya mtaa mzima ni kutangaza kwamba Baba Miche hajui kupanda. Akajiambia labda kweli itaoza.

Elvire ndiye aliyeitunza miti ile. Hakuna aliyemtuma. Kiangazi cha kwanza, mabomba yalipokauka, alikuwa akibeba maji aliyofulia nguo na kuyamwaga kwenye mashina jioni, ndoo kwa ndoo, ukingo mzima. Alikuwa hajui kusoma vizuri, lakini alijifunza majina ya vibao, na aliita miti kwa majina hayo. "Leo Lucas ameinama," angemwambia Namegabe akipita. "Lakini Godelieve iko inaniletea heshima." Namegabe alicheka naye, na kila mara aliongeza mwendo.

Kiangazi cha pili majani yakaanza kuwa manjano. Namegabe alishuka korongoni mchana mmoja watu wakiwa sokoni, akang'oa mti mmoja. Ulitoka bila kupigana. Sashe ilikuwa vilevile, nyeusi, nzima, na ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha na kujizungusha mpaka ikawa donge moja. Mzizi mmoja mwembamba ulikuwa umechungulia chini, ukakauka. Akakaa chini pale pale. Alielewa kila kitu. Alielewa kwamba ukingo ule ulikuwa umesimama bila kushikwa na kitu, kwamba miti haikushika hata kiganja cha udongo, na kwamba migomba iliyokuwa ikishika aliitoa yeye.

Angepanda mlima, hatua hamsini tu, akabisha hodi kwa Elvire. Angemwambia, Mama Jordan, toa vitu vyako jikoni kabla ya mvua. Hatua hamsini! Badala yake aliurudisha mti shimoni, akaushindilia kwa mguu, akaenda nyumbani. Sébastien alikuwa amekwisha kuwaandikia Wabelgiji kwamba miti yote iko hai na inasonga mbele, na wale watu wa keki walikuwa wamejibu kwa furaha. Namegabe alipanga kuwa mvua ikianza atapanda upya kimyakimya, usiku wa manane ikibidi. Mvua ilipoanza, miche mipya ilipelekwa na Sébastien mlima mwingine.

Miti ilipokufa, mtaa ukatafuta wa kulaumiwa, na haukutafuta mbali. Ni Mama Jordan na maji yake ya sabuni. Kila mtu alikuwa amemwona akimwaga. Wakaanza kumsema bombani, wakamsema kanisani, Hamimu wa duka akamwambia usoni kwamba ameaibisha kata mbele ya wazungu. Na Elvire akaamini. Alikuja kwa Namegabe asubuhi moja, kitenge kimefungwa vibaya, macho mekundu.

"Baba Miche, unisamehe. Mi ndio niliua miti yako. Sikujua sabuni ni sumu."

Picha ilikuwa ukutani nyuma ya Namegabe. Olga alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Na Namegabe, mtu aliyewahi kurudi kwa miguu kutoka nyumbani hadi Bandarini ili kurudisha pochi ya mtu, alisema nini?

"Si kitu, Mama Jordan. Imeshapita."

Akamsamehe! Yeye ndiye aliyemsamehe. Olga aliacha kupepeta, akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Siku ile alimpakulia chakula akaenda kula kwa jirani.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu mchana ukingo ulimeguka kwa urefu wote wa mistari ile, na miti ikateremka ikiwa imesimama wima, na vibao vyake. Jiko la Elvire lilifuata, halafu chumba cha kulala, halafu ukuta wa mbele. Namshukuru Mungu alikuwa kwenye mahubiri. Watu walikimbia wakaokoa meza, kabati na baiskeli ya marehemu. Elvire alisimama kwenye matope akiwaambia watu wote, tena na tena, kwamba ni kosa lake mwenyewe. Namegabe alikuwa pale, amebeba mguu mmoja wa meza, akisikia.

Elvire akahamia Kajaga kwa dada yake, nyumba iliyo karibu na maji mno, ambako ziwa nalo siku hizi linasogea. Huko anaanika ndagala, yaani dagaa, na kuzichambua kwa mkataba. Namegabe alivumilia miezi saba. Alikonda. Aliitoa picha ukutani, na ule mraba mweupe uliobaki ukawa unamtazama kuliko picha. Mwisho Olga akamwambia jambo moja tu: "Kama unangoja afe kwanza, niambie, nijue naishi na nani."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alishuka korongoni, akachimba kwenye kifusi hadi akapata mti mmoja uliokauka, akautia kwenye gunia, akaenda Kajaga.

Elvire alikuwa ameinama juu ya nyavu za kuanikia. Alimwona, akafurahi kweli, akafuta mikono, akamletea kiti. Na kabla hata ya kumuuliza habari za Olga, akaanza tena: "Baba Miche, mpaka leo naota ile miti..."

"Mama Jordan, nyamaza kwanza. Nakuomba."

Akautoa mti. Akauweka miguuni pake. Akamwambia yote: mchanga wa ziwa, bomba lililokauka, mpiga picha, kesho ambayo haikufika. Akamwambia na kile kiangazi cha pili, siku aliyong'oa mti akajua, akaurudisha. Hapo sauti ilimwishia, akamaliza kwa kunong'ona.

Elvire alichukua mti ule. Aliipapasa sashe kwa vidole vyenye magamba ya samaki. Akachukua kisu chake kidogo, akaichana kuanzia juu hadi chini, na mchanga mkavu ukamwagika kwenye kitenge chake.

"Basi ile maji yote nilibeba," alisema. "Haikufika hata."

"Haikufika, mama."

"Na ile siku nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Dada yake alipita na beseni, akaona nyuso zao, akageuza njia. Namegabe alikuwa akingoja atukanwe. Alitamani sana atukanwe. Elvire akaikunja ile plastiki mara mbili, mara nne, kama mtu anavyokunja leso, akamwekea mkononi.

"Umekuja kuniambia mi," alisema. "Mi sikuwa nakusema vibaya, Baba Miche. Ni wao ndio wananisema. Wao umewaambia?"

Hakuwa amewaambia.

"Wende uwaambie. Halafu unipigie simu."

Jumamosi ikafika. Kazi ya siku ile ilikuwa kupanda mianzi na greveria kwenye ukingo mpya, ule uliorudi nyuma hadi mahali palipokuwa na uzio wa Elvire. Miche ilikuwa ya Namegabe, udongo mweusi safari hii, imemwagiliwa vizuri. Kabla watu hawajashika majembe aliomba neno. Akainua ile sashe iliyokunjwa, akaikunjua, akasema. Alisema kwamba sabuni haikuua kitu. Alisema ni yeye aliyeamuru miti ipandwe na plastiki yake, na kwamba Mama Jordan peke yake ndiye aliyeuliza, naye akamdanganya, na alipojua ukweli akauficha mwaka mzima. Watu walikuwa mia na zaidi. Sébastien alikuwa ameinamia simu zake, na zote mbili zilikuwa zimezimwa. Hamimu wa duka alivua kofia, akaivaa tena.

Hakuna aliyemtukana. Wakaanza kazi. Na bila mtu kuwaambia, kila aliyechana sashe alikuja kumkabidhi. Mmoja baada ya mwingine walipanda kilima wakamwekea mkononi, wengine bila kumtazama, bibi mmoja akimgusa bega. Mikono ikajaa, akaanza kuzipokea kwenye shati. Saa nne na nusu kazi ilikuwa imekwisha, na Baba Miche alikuwa bado amesimama pale, ameshika pindo la shati lililojaa plastiki nyeusi.

Alasiri alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akampigia Elvire.

"Nimewaambia, Mama Jordan. Wote. Nimewaambia haikuwa sabuni."

"Asante," Elvire alisema. Nyuma yake zilisikika sauti za ziwa na za watu. "Wamesikia vizuri?"

"Wamesikia. Hamimu anataka kuja kukuona."

"Aje," Elvire alisema. "Na migomba?"

"Migomba gani?"

"Migomba ya mama-mkwe. Uliwaambia nilikata juu ya neno lako? Kuna ile watu wanasema nilikata juu ya tamaa, nilitaka kuonekana na wazungu."

Namegabe aliutazama ule mraba mweupe ukutani. Alikuwa ameongea karibu robo saa mbele ya watu wote wale, alikuwa amelia mbele yao, na migomba haikumjia kichwani hata mara moja.

"Apana," alisema. "Hiyo sikuwaambia."

"Ego, sawa," alisema Elvire, bila hasira. "Iko Jumamosi ingine."